Boti ya Kwanza ya Matanga kwa Familia ya Watu Wanne: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Familia iliyoniuliza inunue boti gani ya kwanza ya matanga ina watu wanne. Baba ana kilo 82 na aliwahi kujifunza matanga ujanani, kwenye boti ya mtu mmoja. Mama ana kilo 58, anaogelea vizuri, lakini hajawahi kushika kana, yaani mpini wa usukani. Binti yao ana miaka 9 na kilo 28; mdogo wake wa kiume ana miaka 6 na kilo 20. Naanza na uzito kwa makusudi. Kwenye boti ndogo, miili ya waliomo ndiyo inayoizuia isilale upepo unapolisukuma tanga. Hata hivyo, wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huulizia urefu, umri na hali ya rangi kabla hawajajumlisha kilo za watu watakaokaa humo ndani.

Walichotaka kilikuwa wazi. Boti ya kutoka nayo asubuhi na kurudi siku hiyohiyo, kwenye ziwa kubwa ambalo maji yake hutulia asubuhi na upepo wake huamka baada ya adhuhuri. Ikae nyumbani juu ya trela na ivutwe na gari la kawaida. Kulala ndani hakuna. Fedha zingetosha boti iliyotumika, si mpya. Baba aliongeza sharti lake: iwe na mwendo, watoto wasije wakachoshwa. Mama hakuweka sharti. Alisema tu kwamba hataki kushinda siku nzima akiwa na hofu.

Kauli hiyo ya mama ndiyo niliyoijengea ushauri wote. Boti ya familia ikimtisha mtu mzima mmojawapo, mwisho wake unajulikana: wote wanatoka mara chache za mwanzo, kisha baba anatoka peke yake, kisha turubai linafunikwa na halifunuliwi tena. Nimeona boti nzuri zikiishia hivyo, na hakuna hata moja iliyoachwa kwa sababu ilikuwa na mwendo wa pole.

Swali ambalo hawakulitarajia

Niliwauliza: baba akidondoka majini, nani ataisimamisha boti na kumrudia?

Walitazamana. Walikuwa wamepanga kila kitu kwa kumweka baba kwenye usukani, na boti zote walizoorodhesha zilichaguliwa kwa kipimo cha baba. Lakini boti yenye mabaharia wanne, mmoja tu akiwa anajua kazi, ni boti ya mtu mmoja yenye abiria watatu. Akipata kizunguzungu, akigongwa kichwa na boriti ya tanga, au akidondoka, waliobaki hawana nahodha.

Kwa hiyo niliwapa kipimo kingine. Boti inayowafaa ni ile ambayo mama, akiwa na watoto wawili tu, anaweza kuisimamisha, kuigeuza, na kuiinua ikipinduka. Baba akiwepo, hiyo ni ziada. Baada ya kukubaliana hivyo, orodha ilipungua yenyewe, na nusu ya mabishano yaliyokuwa yakiendelea nyumbani kwao yakaisha.

Zilizoondoka mapema

Catalina 22 ndiyo baba aliyokuwa akiiota. Ni kazi ya Frank Butler wa Marekani, ilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ina urefu wa mita 6.55 na kijumba cha kulala. Mkuku wake mzito, yaani uti wa chini ya boti, huirudisha wima ikilala, na kwa upande wa usalama hiyo ni hoja ya kweli. Lakini ina uzito wa takriban tani moja kabla hujaweka trela kwenye hesabu, mlingoti wake haufai kuinuliwa na mtu mmoja kwa mikono mitupu, na maandalizi yake yangekula asubuhi, yaani saa zilezile ambazo ziwa lao ni la upole. Boti ya namna hiyo inamfaa mwenye mahali pa kuifunga majini msimu mzima.

Hobie 16 ina magamba mawili, yaani miili miwili inayoelea, na kitambaa cha kukalia katikati, na ina kasi ya kusisimua: mita za mraba takriban 20 za tanga juu ya kilo 145 tu. Watoto wangeipenda. Ikipinduka, kuiinua kunataka uzito unaokaribia wa watu wazima wawili, na upana wake wa mita 2.41 unaifanya iwe ngumu kuanza kurudi wima ikishalala. Mama na watoto wake wawili wana jumla ya kilo 106. Niliiondoa papo hapo.

ILCA, ambayo wengi bado wanaiita Laser, ndiyo baba aliyojifunzia. Ni boti bora, imo kwenye Michezo ya Olimpiki tangu 1996, lakini ni ya mtu mmoja. Kumbeba mtoto humo ni kumfanya mzigo.

Zikabaki mbili zenye kustahili kupimwa majini: Wayfarer na Drascombe Lugger.

Hesabu ya kilo na upepo

Kabla ya kuzijaribu, tulikaa na karatasi. Naieleza hesabu yenyewe kwa sababu kila familia inaweza kuifanya kwa kilo zake.

Mtu akikaa ukingoni upande wa joshi, yaani upande upepo unakotoka, uzito wake huwa karibu mita 0.9 kutoka mstari wa katikati wa boti yenye upana kama wa Wayfarer. Baba anatoa 82 mara 0.9, karibu 74. Mama 58 mara 0.9, yaani 52. Watoto hawakai ukingoni. Wanakaa kwenye benchi la ndani, tuseme mita 0.6 kutoka katikati, nao kwa pamoja wanatoa karibu 29. Wote wanne wanafikisha 155. Mama na watoto bila baba wanafikisha 81, zaidi kidogo ya nusu.

Sasa upande wa upepo. Msukumo wake kwenye tanga hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Kinyume chake ni kwamba nguvu ya kuisimamisha boti ikipungua hadi nusu, kasi ya upepo inayovumilika haipungui hadi nusu bali hadi karibu asilimia 70. Kama wote wanne wanastahimili matanga kamili kwenye upepo wa kilomita 26 kwa saa, mama na watoto watafikia kikomo kilekile kwenye kilomita 19 hivi. Umbo la boti nalo linasaidia, kwa hiyo tarakimu hizi ni za kulinganisha, si za kuapia.

Tofauti ya 19 na 26 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye kipimo cha Beaufort ndiyo tofauti ya namba 3 na namba 4. Kwenye namba 3 unaona vilele vyeupe vya mawimbi hapa na pale. Kwenye namba 4 vinaonekana kila unakogeuza macho. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuona badiliko hilo kwa macho yake, na baadaye ikawa ndiyo kazi yake rasmi.

Hesabu hiyo ilizaa masharti mawili ambayo sikukubali yalegezwe. Tanga kuu lazima liwe na safu ya kupunguzia, yaani matundu na kamba za kulikunja kwa chini ili libaki dogo, na mama awe anajua kulipunguza mwenyewe. Pia tanga lipunguzwe ufukweni kabla ya kutoka kila kunapokuwa na shaka. Kulikunjua majini upepo ukiwa hafifu ni jambo jepesi. Kulikunja majini huku boti inaruka na mtoto analia ni jambo jingine kabisa.

Wayfarer na Lugger majini

Wayfarer ilibuniwa na Ian Proctor nchini Uingereza mwaka 1957. Ina urefu wa mita 4.82, upana wa mita 1.85, na gamba lake lina uzito wa kilo 169 hivi. Ina matanga mawili, kuu na la mbele, na ubao wa kati unaoshuka chini ya boti na kujikunja juu, hivyo ukigusa mchanga unapanda wenyewe. Jina lake limevumishwa sana na safari za Frank Dye, aliyeipeleka hadi Iceland mwaka 1963 na Norway mwaka 1964, akapinduliwa na dhoruba zaidi ya mara moja njiani na bado akafika. Safari hizo naziheshimu. Kwa familia hii, ushahidi mzito zaidi ni kwamba shule za matanga zimeitumia Wayfarer kwa miongo mingi kufundishia watu wazima wasiojua lolote. Boti inayovumilia makosa ya wageni wiki baada ya wiki imekwisha kujieleza.

Drascombe Lugger ni ya miaka ya 1960, kazi ya John Watkinson, ambaye alitaka boti ya wazi ya kuibebea familia yake. Ina mita 5.72 na uzito wa kilo 340 hivi. Ina matanga matatu: la mbele, tanga kuu linalopandishwa kwa foromali fupi, yaani mti wa kulishikilia kwa juu, na tanga dogo la galme kule tezi, nyuma ya boti. Tanga kuu halina boriti chini. Kwa mwenye watoto, hilo ni jambo kubwa. Kwenye boti nyingi ndogo, kinachogonga vichwa ni ile boriti inayohama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na vibaya zaidi pale upepo unapotokea nyuma na tanga likahama lenyewe kwa kishindo. Kwenye Lugger kinachohama ni kitambaa na kapi la kamba. Mama aliipenda mara moja, na sababu zake zilikuwa sahihi.

Galme nayo ilitushangaza jinsi inavyofaa. Ukiliachia tanga kuu na kulikaza la galme, omo, yaani pua ya boti, inaelekea upepo na boti inakaa hapo, imetulia, huku ukimvalisha mtoto sweta au ukifungua maji ya kunywa. Kwenye Wayfarer utulivu wa namna hiyo unapatikana kwa njia nyingine: tanga la mbele linavutwa upande wa joshi, tanga kuu linalegezwa, kana inasukumwa upande upepo unakokwenda. Mama alijifunza hilo siku ileile. Tofauti ni kwamba la Lugger hulisahau kwa shida, na la Wayfarer linahitaji kurudiwa hadi mikono ilizoee.

Tukaja kwenye jaribio nililolisubiri. Niliomba Wayfarer ipinduliwe kwa makusudi. Tulichagua mahali palipokingwa, penye kina kinachozidi urefu wa mlingoti. Kina kikiwa kidogo, ncha ya mlingoti huchoma tope na kazi ya dakika chache inageuka balaa. Watoto walibaki ufukweni. Boti ya injini ilisimama karibu. Juu ya mlingoti tulifunga boya dogo, ambalo kazi yake ni kuizuia boti isigeuke chini juu kabisa. Ikigeuka hivyo, ubao wa kati unaweza kuteleza kurudi ndani na mtu mwepesi hana pa kukanyaga.

Mara ya kwanza mama alipanda juu ya ubao wa kati, akavuta, boti ikainuka vizuri, kisha ikalala upande wa pili. Demani, yaani kamba za kuvutia matanga, zilikuwa zimebanwa. Tanga likishika upepo linapotoka majini, boti inaendelea kuzunguka. Tulirudia demani zikiwa zimeachiwa na omo ikielekea upepo. Safari hii alijitahidi sana bila mafanikio, mpaka alipopewa kamba ndefu iliyofungwa upande wa pili wa boti na kupitishwa juu ya gamba, akaegemea nyuma kabisa kwenye ncha ya ubao. Kilo zake 58 zilitosha. Boti ilisimama, baba akiwa amejilaza ndani ya ukingo wa chini na kunyanyuliwa pamoja nayo.

Kupanda kurudi ndani ndiko kulikomchosha zaidi, na hili wengi hawalifikirii dukani. Ukingo ulikuwa juu, nguo zimelowa, jaketi la kuokolea maisha linakwama. Kitanzi cha kamba cha kuwekea mguu, kilichofungwa tezi, kiliondoa tatizo. Kisha ndoo. Boti iliyoinuliwa hubaki na maji mengi yanayokwenda huku na huku, na mpaka yapungue haina uthabiti wowote. Ndoo kubwa iliyofungwa kwa kamba ilifanya kazi haraka kuliko kifaa chochote walichokuwa wameambiwa wanunue.

Tulizungumza pia juu ya mtoto kujikuta chini ya tanga. Tanga lililolala juu ya maji linatisha, lakini halizami papo hapo. Mtoto anafundishwa kulisukuma juu kwa mkono ili apate hewa, kisha afuate mshono mmoja mpaka ukingoni. Binti alilifanyia mazoezi maji ya kiunoni, chini ya tanga la zamani lililotandazwa, baba akiwa amemshika mkono. Baada ya hapo hakuogopa tena kupinduka. Aliogopa tu maji baridi.

Mwenye Lugger hakuruhusu boti yake ipinduliwe, na sikumlaumu. Haipinduki kirahisi hata hivyo. Ni nzito, kingo zake ni ndefu, na matanga yake ni ya chini. Swali langu lilikuwa juu ya siku ile moja isiyo ya kawaida. Boti ya wazi ya kilo 340 ikishajaa maji inabeba pia uzito wa maji hayo, na mama mwenye watoto wawili hana misuli ya kuirudisha. Kwa hiyo Lugger inampa usalama mkubwa kabla ya ajali na msaada mdogo baada yake. Wayfarer hupinduka upesi zaidi, na inarudishika.

Watu waaminifu wanaweza kutofautiana hapo. Kama mtoto mdogo angekuwa na miaka 3 badala ya 6, ningechagua Lugger bila kusitasita, kwa sababu mtoto wa umri huo hapaswi kuwa kwenye boti ambayo kupinduka ni sehemu ya mchezo. Vivyo hivyo kama wangekuwa na mahali pa kuiacha majini.

Kilichoamua kilitokea kwenye ngazi ya kuteremshia boti. Wakati wa kurudi, Lugger iligusa trela kwa pembe, na watu wazima wawili hawakuweza kuinyoosha. Ilibidi waombe mikono ya watu waliokuwa jirani. Wayfarer ilipokaa vibaya, baba na mama waliisogeza wenyewe. Nalo ziwa lina tabia yake: upepo wa mchana mara nyingi huvuma kutoka upande wa kwao, kwa hiyo kurudi ni kwenda bisho, kupiga mishazari kuukabili upepo. Lugger hukwenda bisho kwa uvivu. Wayfarer hukwenda vizuri. Familia iliyochoka, yenye mtoto anayeuliza tumefika lini, haipaswi kuwa na boti isiyopenda kurudi nyumbani.

Wakachagua Wayfarer. Baba alikubali kwa furaha kuliko nilivyotarajia, maana kwenye upepo wa kando boti ile ilikuwa na mwendo wa kutosha.

Mbili zilizotumika

Zilipatikana Wayfarer mbili za faibaglasi. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, imepakwa rangi upya, matanga yake bado yanakwaruza mkononi kwa upya. Ya pili ilikuwa imefifia, na tanga lake kuu limelainika kama kitambaa cha kawaida. Bei hazikuachana sana, na baba alikuwa ameshaanza kuizungukia ya kwanza.

Niliomba zipimwe uzito: trela na boti pamoja, kisha trela peke yake. Ile inayong'aa ilizidi kilo 200. Kilo 30 za ziada kwenye gamba la faibaglasi hazina maelezo mengi: maji yameingia mahali yasipotakiwa, ndani ya povu au kati ya tabaka, au kuna matengenezo makubwa yaliyofichwa. Tuligonga gamba kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Faibaglasi nzima hulia kwa ukali. Iliyoachana tabaka hulia kwa ubutu. Karibu na kasha la ubao wa kati sauti ilifa kabisa, na tulipomulika tochi kwa ndani tuliona ufa uliopakwa rangi juu. Kasha hilo ndilo linalobeba nguvu yote ya pembeni boti inapokwenda bisho. Likiachia, maji yanaingia kutoka chini.

Ile iliyofifia ilikuwa na kilo 175. Ilikuwa na kasoro, ila zilikuwa zile zinazobadilika kwa bisibisi na jioni moja: waya mmoja wa kushikilia mlingoti ulikuwa na nyuzi zilizokatika pale unapoingia kwenye kishikio chake, mpira wa vifuniko vya matangi ya hewa ulikuwa umekauka, na beringi za magurudumu ya trela zilikuwa zinanguruma. Waya zilibadilishwa zote, si ule mmoja, kwa kuwa zina umri sawa na mmoja ukishaanza kukatika mingine haiko mbali. Mpira wa vifuniko nao si jambo dogo. Matangi ya omo na tezi ndiyo yanayoielesha boti ikijaa maji. Yakivuja, jaribio lote tulilofanya halina maana. Baada ya kubadilisha mpira, waliielesha boti kwenye kina kifupi, wakaijaza maji kwa ndoo, wakaiacha kwa nusu saa, kisha wakafungua matangi. Yalikuwa makavu.

Tanga lililochoka walilibakiza. Tanga bovu hukupunguzia mwendo na uwezo wa kwenda bisho, na ni kweli kwamba hatimaye walipaswa kulibadilisha. Lakini kununua tanga jipya kwa boti nzima ni rahisi kuliko kununua boti nzima kwa tanga jipya.

Msimu wa kwanza

Niliwashauri fedha zilizobaki ziende kwenye majaketi kabla ya kitu kingine chochote. Ya watoto yachaguliwe kwa kilo, si kwa umri, yawe na kola ya kuinua kichwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bila mkanda huo jaketi hupanda usoni mtoto akiingia majini. Walinunua pia makafi mawili, nanga ndogo yenye kamba ndefu, filimbi kwa kila mtu, na mfuko usiopitisha maji wa simu. Injini ndogo ya kupachika niliwaambia waisubirie. Injini inayoning'inia tezi huongeza uzito mahali pabaya, kamba hunaswa nayo, na hufundisha watu kutojifunza kurudi kwa tanga.

Taratibu zao zilikuwa chache na zilishikwa. Asubuhi wanaanza kwa kwenda upande upepo unakotoka, ili kurudi kuwe kwepesi. Mchana upepo ukigeuka, wanakuwa bado karibu. Kijana wa miaka 6 ndiye mlinzi wa vilele vyeupe: akiona vimeenea kila upande, anasema, na tanga linapunguzwa au wanarudi, bila mjadala. Mtoto yeyote akisema amechoka, omo inageuzwa kuelekea nyumbani. Baba alidhani sharti hilo la mwisho lingefupisha kila safari. Ikawa kinyume, watoto walipojua kwamba neno lao linasikilizwa, walilitumia mara chache sana.

Na kila walipotoka, mama alishika kana kwenda au kurudi, baba akae mbele na kamba za tanga la mbele. Mwanzoni mama hakutaka. Kufikia katikati ya msimu alikuwa ameshajua kuisimamisha boti kando ya boya walilolitupa majini kama mtu aliyedondoka: kuachia demani, kukaribia kutoka upande wa chini ya upepo, kuacha boti ife mwendo palepale. Zoezi hilo walilifanya hadi binti naye akalitaka, na kwenye upepo hafifu akaliweza huku mama akiwa ameshika kana nyuma ya mkono wake.

Sasa binti anataka boti yake. Baba anafikiria Optimist, ile ya mita 2.36 ambayo watoto wengi duniani huanzia. Mimi ninaelekea kwenye Mirror ya mita 3.30, iliyotoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960: ina kilo 45 tu, inabeba watoto wawili, na milingoti ya zile za zamani ni mifupi kiasi cha kulala ndani ya boti yenyewe, kwa hiyo haiongezi shida kwenye trela. Optimist ingemtenga na mdogo wake. Tumekubaliana kwamba hainunuliwi mpaka wote wawili waweze kuiinua wenyewe ikipinduka, na kwa sasa mdogo bado hajafikisha kilo za kazi hiyo.